Mwavita katika Rejista ya Kadutu

Naitwa Sikujua. Cheka kwanza, kila mtu hucheka,
kisha tuendelee.
Mkubwa akiuliza, "Nani aliandika hapa?"
karani mwenzangu hujibu, "Sikujua,"
na jibu hilo limetulinda miaka ishirini na mmoja.

Kazi yangu ni majina. Komini ya Kadutu,
dirisha la pili, linalotazama soko
na mabati yake yanayopanda kilima kama ngazi ya mlevi.
Mvua ikinyesha tunaweka sufuria juu ya herufi M,
maana dari linavuja hapo hapo,
ndiyo sababu akina Mapendo, Mugoli na Mwavita
wana wino uliolia.

Mwavita.
Nimewahesabu, mchana usio na wateja.
Ukurasa huu mmoja, ule wawili,
halafu mwaka fulani ninaoujua kwa harufu,
arobaini na watatu,
wamepangana kama madumu bombani:
Mwavita wa Cirhuza, Mwavita wa Bagalwa,
Mwavita ambaye baba yake ni mstari mtupu.
Baada ya hapo wanapungua.
Wanaingia akina Amani, akina Tumaini, wengi mno,
kana kwamba mji mzima umeandika barua moja ya maombi
na kuigawa vipande vipande kwa watoto waipeleke.

Nsimire wa dirisha la kwanza, aliyesomea Kindu,
anasema jina lilitoka pwani kwa miguu,
Mwamvita, pamoja na shanga na chumvi,
na kwamba ile M ya katikati ilidondoka njiani,
mahali fulani kabla ya Kasongo,
mzigo ulipozidi.
Sijui.
(Ona, jina langu hujibu kabla yangu.)

Marehemu mama alikuwa na lake:
Mwavita wa kwanza aliyemjua
alizaliwa wanaume walipochukuliwa kwenda Abisinia,
na mzazi wake hakumwita mtoto Vita.
Alimwita wa vita,
kama unavyosema maji ya mvua, kuku wa jirani:
unaonyesha kilikotoka,
hujasema bado kilivyo.

Alhamisi alikuja kijana, suruali ina vumbi la simenti,
kitoto amekifunga kifuani kwa kitenge,
jambo ambalo foleni yote ililitazama.
"Jina?"
"Mwavita."
Nikaweka kalamu chini.
Siku hizi kumekuwa kimya kiasi, kimya cha hapa,
kile ambacho mtu hakiegemei.
Nikamuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu:
"Vita gani?"

Alinitazama kama aliyeulizwa bei ya kitu asichokiuza.
"Hapana vita, papa. Ni jina ya mama yangu.
Alikuwa anauzisha sambaza pale Nguba,
anakopesha watu mpaka polisi.
Akicheka, unamusikia ngambo ya Ruzizi."
Mtoto akapiga chafya, mara tatu, bila aibu.
"Unaona?" akasema baba.

Nikaandika. M, w, a,
nikafika kwenye v, tone likaanguka,
kama kawaida.
Sikusogeza sufuria.
Nilifikiri kuhusu wale arobaini na watatu,
wana umri wa kuzaa sasa, wengine wana sahani za sambaza
vichwani, na pengine yuko mmoja
anayecheka hivyo, na mwana wake
hajawahi kulisikia lile neno ndani ya jina,
kama sisi tusivyosikia tena maji ndani ya mjini.

Fomu yetu ina jina, tarehe, mahali,
baba, mama, sahihi, na franka za muhuri.
Safu ya maana haipo.
Basi pembeni, kwa penseli,
kosa la mtu kufukuzwa kazi,
nikaongeza maneno mawili:
wa sambaza.

Wakija kuuliza nani aliandika hapo,
jibu mnalo.